Dewey kama ilivyo, Dewey iliyopanuliwa, au mfumo wa kujitungia? Ulinganisho kwa maktaba yenye mkusanyiko maalumu

Maktaba yenye vitabu vya kila aina haina haja ya kuumiza kichwa. Inachukua Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, inabandika namba migongoni, kazi inaendelea. Shida huanza pale mkusanyiko unapoegemea jambo moja. Ukiwa na vitabu elfu mbili, na karibu vyote vinahusu pwani ya Waswahili, mfumo uliotungwa kugawa elimu ya dunia nzima utavirundika vingi chini ya namba moja ndefu, na vingine vinavyotafutwa pamoja utavitawanya kila pembe ya chumba. Hapo ndipo mkutubi hujiuliza: nivumilie, nirekebishe, au nitunge wangu?

Ninaandika kwa ajili ya aliyekwama hapo. Mfano wangu ni maktaba ya mambo ya pwani: tenzi, dini, historia ya miji, vyombo vya baharini, tiba, muziki, ufundi wa nyumba. Aliye na maktaba ya uvuvi, ya kahawa au ya sheria ya ardhi abadilishe mifano. Hoja zitabaki zilezile.

Neno moja kabla ya yote. Hakikisha kwanza kwamba kazi unayotaka kuifanya haijafanywa na mtu mwingine. Maktaba ya hospitali au ya chuo cha uuguzi haina sababu ya kutunga chochote: Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina mfumo wake, unaotumia herufi QS hadi QZ pamoja na W, na unapatikana bure mtandaoni. Kwa sheria, hasa katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza kama zetu, upo mfumo wa Elizabeth Moys uliotoka mara ya kwanza mwaka 1968. Maktaba za masomo ya Kiyahudi zina mfumo wa ndugu wawili, Daniel na David Elazar. Mambo ya pwani hayajapata mfumo wa namna hiyo unaokubalika kote, na ndiyo maana swali letu bado liko wazi.

Vigezo vya kupimia

Nitapima kila njia kwa mambo matano.

La kwanza ni ujirani wa rafuni. Msomaji akishasimama mbele ya kitabu alichokuja kukitafuta, je, vilivyo kulia na kushoto kwake vinamfaa? Katika maktaba ndogo ambayo watu huingia wenyewe na kupapasa rafu, hili ni jambo kubwa. Katika maktaba ambayo vitabu hukaa ndani na kuletwa kwa kuomba, ni jambo dogo.

La pili ni nafasi ya kukua pamoja na urefu wa namba. Namba isiyotosha kwenye mgongo wa kijitabu cha kurasa 40 itakatwa na anayebandika lebo, na ikishakatwa, rafu imeharibika.

La tatu ni kazi na gharama: ya kuanza, na ya kila siku.

La nne ni kuazimana rekodi. Je, unaweza kuchukua maelezo ya kitabu yaliyokwisha kuandikwa na maktaba nyingine, pamoja na namba yake?

La tano ni atakayekuja baada yako. Nimeliweka mwisho, lakini kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mifumo mingi mizuri hufa siku aliyeitunga anapohamishwa.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Rafu humpa kitabu mahali pamoja tu. Katalogi, iwe ya kadi au ya kompyuta, humpa mahali pengi utakavyo: unaweza kukiandikia kitabu kimoja vichwa vya mada vitano na kikapatikana kwa vyote. Watu wengi huanza kutunga mfumo mpya wa uainishaji kwa sababu hawaridhiki na utafutaji, kumbe walichokosa ni vichwa vya mada vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa uangalifu. Hilo linatibika bila kugusa lebo hata moja.

Njia ya kwanza: kuuchukua mfumo mkubwa kama ulivyo

Kwa sehemu zetu mifumo mikubwa ni miwili. Dewey, uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ndio uliozoeleka katika maktaba za umma za Kenya na Tanzania. Mfumo wa Maktaba ya Kongresi ya Marekani, unaotumia herufi na namba, umezoeleka zaidi vyuo vikuu.

*Ujirani.* Hapa ndipo penye maumivu. Chukua mada ya bahari. Kitabu kinachoeleza jinsi mafundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, wanavyounda jahazi kitakwenda 623.8, tabaka moja (yaani kundi moja la mada) na uhandisi wa kijeshi. Biashara na usafiri wa vyombo ni 387. Uvuvi ni 639.2. Historia ya Kilwa iko 967.8, na ya Unguja na Pemba 967.81. Nyimbo za mabaharia zitakuwa ndani ya 780. Mtafiti mmoja wa maisha ya bahari atazunguka chumba kizima.

Fasihi nayo hugawanyika kwa namna yake. Ushairi wa Kiswahili uko 896.3921, lakini methali ziko 398.9 na vitendawili 398.6, na sarufi iko 496.3925. Mwalimu wa Kiswahili anayeandaa somo la fasihi simulizi na andishi atakwenda huku na huko. Katika dini, Dewey ameupa Ukristo na Biblia migawo 7 kati ya 10 ya tabaka la 200, na Uislamu wote ukaingizwa 297. Kwa maktaba ambayo theluthi ya vitabu vyake ni vya Kiislamu, tofauti zote hutokea baada ya nukta: Kurani 297.122, sira ya Mtume 297.63, usufi 297.4. Kisha sehemu ya fiqhi, hasa inayogusa mirathi na ndoa, huvutwa kwenye sheria, mbali na vitabu vya ibada ambavyo sheikh huyohuyo huvisomesha.

Mfumo wa Kongresi hauna nafuu katika hili. Lugha ya Kiswahili na fasihi yake vimetengewa PL8701 hadi PL8704, yaani namba nne, na fasihi yote imebanwa kwenye ile ya mwisho.

Lakini haki itendeke. Kama maktaba yako ina pia vitabu vya ujenzi wa vyombo vya Omani, India na Ureno, basi kitabu cha mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba, kukaa navyo pale 623.8 ni faida, si hasara. Mfumo mkubwa huonyesha jambo la kwetu likiwa sehemu ya jambo la watu wote, na wapo wasomaji wanaolitaka hilo.

*Kukua na urefu wa namba.* Nafasi ya kukua ipo, namba ndizo ndefu. Kamusi ya Kiswahili ni 496.3923 kabla hujaongeza herufi za mwandishi.

*Kazi na gharama.* Kujifunza ni rahisi kwa sababu Dewey hufundishwa katika vyuo vya ukutubi, nawe huandiki sheria yoyote. Gharama ni ya kuupata mfumo wenyewe. Dewey unamilikiwa na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba la Marekani, tangu mwaka 1988. Toleo la 23 lilitoka mwaka 2011 katika mijalada 4, na marekebisho ya sasa yako WebDewey, toleo la mtandaoni, kwa malipo ya kila mwaka. Majedwali ya Kongresi yanapakuliwa bure.

*Kuazimana rekodi.* Hapa njia hii haina mshindani. Maktaba ya Kongresi ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966 kwa ajili ya kununua machapisho ya Afrika Mashariki, kwa hiyo riwaya na diwani nyingi zilizochapwa Nairobi na Dar es Salaam zina rekodi tayari. Ukiwa na Koha au programu nyingine inayoweza kuvuta rekodi, unaandika ISBN na kila kitu kinashuka, namba ikiwemo. Vijitabu vya misikitini, vitini na machapisho ya miaka ya nyuma yasiyo na ISBN hayatakuwamo mara nyingi. Hayo utayafanya kwa mkono kwa vyovyote vile.

*Atakayekuja baada yako.* Akiwa mhitimu wa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo au cha Nairobi, ataanza kazi siku ya kwanza.

*Inamfaa nani.* Maktaba iliyo sehemu ya mtandao wa maktaba nyingine, au ambayo wafanyakazi wake hubadilika mara kwa mara, au ambayo mkusanyiko maalumu ni kona moja tu ya vitabu vyake.

Njia ya pili: kuuchukua mfumo mkubwa na kuupanua

Watu wengi hawajui kwamba Dewey mwenyewe ameacha milango wazi. Maelekezo yake yanaruhusu maktaba kuipa lugha yake nafasi ya mbele: Kiswahili kinaweza kuwekwa 410 badala ya 496.392, na fasihi ya Kiswahili 810 badala ya 896.392. Isimu ya jumla inarudi 400, na fasihi ya Marekani inaungana na ya Uingereza kule 820. Pia kuna ruhusa kama hiyo katika tabaka la dini, kwa maktaba inayotaka kuipa dini nyingine nafasi zilizoshikwa na Ukristo.

Tazama tofauti inayotokea mgongoni mwa kitabu. Utenzi uliokuwa 896.3921 unakuwa 811. Riwaya inakuwa 813. Kamusi inakuwa 413. Tarakimu nne zimeondoka, na nukta nayo imeondoka. Sasa unayo nafasi ya kugawa ushairi wenyewe: 811.1 kwa tenzi, 811.2 kwa tarbia, 811.3 kwa takhmisa, 811.4 kwa nyimbo za arusi na za ngoma, 811.5 kwa ngonjera, na kadhalika. Mgawo wa tanzu hizi ni wako, lakini umesimama juu ya msingi ambao mkutubi mwingine anautambua.

Mfano mkubwa wa njia hii ni Iran. Wakutubi wa huko walichukua mfumo wa Kongresi, wakaona lugha zao, historia yao na Uislamu vimebanwa, wakatunga majedwali mapana yaliyoingia ndani ya mfumo uleule: PIR kwa lugha na fasihi za Kiirani, DSR kwa historia ya Iran, BP kwa Uislamu. Mengine yote waliyaacha yalivyo. Nauheshimu sana uamuzi huo, kwa sababu walipanua palipobana tu.

*Ujirani.* Unatengenea pale ulipopanua, haubadiliki pengine. Fasihi na lugha zimepata kupumua, dini inaweza kupumua, lakini jahazi na wimbo wa baharia bado viko mbali. Njia hii hupanua vyumba, haihamishi kuta.

*Kukua na urefu wa namba.* Nzuri, mradi usijaze tarakimu zote siku ya kwanza. Ukitumia 811.1 hadi 811.9 zote, utanzu wa kumi utakosa pa kukaa. Acha mapengo.

*Kazi na gharama.* Kazi ya kuanza ni ya wiki kadhaa kwa mkusanyiko mdogo, na baadaye ni ndogo. Ila kuna hatari moja: namba uliyoibuni leo inaweza kupewa maana nyingine na toleo rasmi kesho. Kinga yake ni kutia alama. Weka herufi mbele ya namba zako zote za nyumbani, kwa mfano K 811.1, ili yeyote ajue kwamba hii si ya kitabuni. Kisha andika daftari la mapanuzi, na kila badiliko litiwe tarehe.

*Kuazimana rekodi.* Rekodi unaweza kuivuta kama kawaida, lakini namba utaibadilisha mwenyewe kwa sehemu uliyoipanua. Koha ina mahali pa namba ya nakala yako palipotengwa na namba ya Dewey iliyokuja na rekodi. Acha ile rasmi ibaki ndani, yako iandikwe kwenye nakala. Siku ukitaka kurudi nyuma, njia haijafungwa.

*Atakayekuja baada yako.* Atahitaji kusoma daftari lako, labda kurasa kumi. Asipoliona, atarudia namba rasmi kwa vitabu vipya, na utenzi mmoja utakaa 811 na mwenzake 896. Hali hiyo ni mbaya kuliko kutopanua kabisa.

*Inamfaa nani.* Maktaba ambayo tatizo lake liko sehemu moja au mbili zinazojulikana. Ukiweza kunyoosha kidole na kusema "panabana hapa na hapa", panua hapo.

Njia ya tatu: kutunga mfumo wako

Hili si jambo la watu wakaidi. Maktaba ya Aby Warburg, mwanahistoria wa sanaa wa Ujerumani, iliyohamishwa kutoka Hamburg hadi London mwaka 1933, imepangwa kwa mafungu manne: Taswira, Neno, Mwelekeo na Tendo. Mtu anayetafuta kitabu cha sanaa pale hukutana na cha unajimu ambacho hakujua kwamba anakihitaji. Kanada, katika miaka ya 1970, mkutubi Brian Deer wa Kahnawake alitunga mfumo kwa ajili ya shirika la wenyeji asilia, kwa sababu mifumo mikubwa iliwaweka watu wake kwenye historia ya zamani kana kwamba wamekwisha. Hakuutunga utumike kila mahali. Ulikuwa wa maktaba ile, na maktaba nyingine zimeuchukua na kuurekebisha, ikiwemo Xwi7xwa ya Chuo Kikuu cha British Columbia. Wote wawili walijua wasomaji wao ni nani kabla ya kuandika namba ya kwanza.

Kuna namna mbili za kutunga. Moja ni ya mti: tabaka kuu, matawi, vitawi. Nyingine ni ya vipengele, aliyoijenga mkutubi S. R. Ranganathan wa India katika mfumo wake wa mwaka 1933: huorodheshi kila mada inayowezekana, bali unaorodhesha vipengele vyake, kisha namba ya kitabu unaiunga. Kwa mkusanyiko maalumu, namna ya pili karibu kila mara huleta jedwali fupi zaidi.

Tuijaribu. Herufi ziwe mada: B bahari na vyombo, D dini, F fasihi, H historia, L lugha, M muziki na ngoma, N nyumba na ufundi, S sheria na mirathi, T tiba. Tarakimu ziwe mahali, zikiteremka pwani kutoka kaskazini: 1 pwani kwa jumla, 2 Barawa na Bajuni, 3 Lamu, Pate na Siu, 4 Malindi na Mombasa, 5 Unguja na Pemba, 6 Mrima kuanzia Tanga hadi Bagamoyo, 7 Mafia na Kilwa, 8 Komoro na kaskazini ya Msumbiji, 9 Omani, Ghuba na kwingineko walikohamia. Herufi ya pili igawe mada: BU uundaji wa vyombo, BV uvuvi, BS safari na biashara ya baharini, NM milango na nakshi, NJ ujenzi wa mawe.

Kitabu cha mafundi wa Matondoni kinakuwa BU 3. Cha milango ya Mji Mkongwe ni NM 5. Cha nyimbo za mabaharia kitaingia B kama msomaji wako ni mtu wa bahari, au M kama ni mtu wa muziki. Herufi mbili na tarakimu moja zinatosha mgongo wowote.

Sasa likaja swali ambalo mfumo mzima utasimama au kuanguka juu yake: kipi kitangulie, mada au mahali? Ukiandika BU 3, vitabu vyote vya uundaji wa vyombo vinakaa pamoja, kutoka Barawa hadi Komoro, na Lamu inatawanyika. Ukiandika 3 BU, Lamu yote inakaa pamoja, milango yake, tenzi zake, majahazi yake na madrasa zake, na uundaji wa vyombo unatawanyika. Hakuna jibu la kitabuni. Jibu liko kwenye meza ya kuulizia. Kwa muda wa mwezi mmoja andika kila swali kama lilivyoulizwa. Wakija na "nataka mambo ya Pemba", mahali kutangulie. Wakija na "nataka mambo ya mirathi", mada itangulie. Makumbusho ya mji mmoja mara nyingi itataka mada itangulie, maana mahali kwake ni pamoja tu. Taasisi ya utafiti wa lahaja itataka mahali kutangulie, kwa kuwa Kimtang'ata, Kiamu na Kipemba hufuata ardhi.

*Ujirani.* Bora kuliko njia zote, kwa kile kipengele ulichokitanguliza. Cha pili hutawanyika hapa pia, na ni vizuri kulikubali hilo mapema kuliko kulishangaa baadaye.

*Kukua na urefu wa namba.* Namba fupi. Ukuaji unategemea mapengo uliyoyaacha. Usishikilie sana herufi zifanane na maneno: M imeshachukuliwa na muziki, na mapishi yanataka kuingia. Yape P au hata Q, yaendelee. Na kila tabaka liwe na nafasi ya mambo ya jumla, kwani daima kitakuja kitabu kinachozungumzia pwani yote na mada zote.

*Kazi na gharama.* Hakuna ada ya kulipia. Kazi ndiyo kubwa: kuorodhesha mada, kuandika maelezo ya mipaka ("vitabu vya dawa za miti shamba viko T, vya uganga wa pepo na ngoma zake viko M"), kutunga faharasa ya herufi, kujaribu, kurekebisha, kubandika upya. Faharasa ni ya lazima. Bila hiyo wakutubi wawili wataweka vitabu viwili vya kombe na hirizi mahali pawili tofauti, na wote watakuwa na hoja.

*Kuazimana rekodi.* Maelezo ya kitabu utayaazima, namba kamwe. Kila kitabu kitapita mikononi mwako. Kwa maktaba inayopokea vitabu mia kwa mwaka hilo linabebeka. Inayopokea elfu tatu haitaliweza.

*Atakayekuja baada yako.* Hapa ndipo mifumo ya kujitungia hufa. Mtunzi hustaafu, sheria zilikuwa kichwani mwake, na aliyebaki huanza kubuni. Ukichagua njia hii, mwongozo uandikwe kabla ya lebo ya kwanza, nakala moja iwe ya karatasi ndani ya maktaba, nyingine ofisini kwa mkuu wa taasisi, na watu wasiopungua wawili wafundishwe kuutumia.

*Inamfaa nani.* Maktaba ambayo mada yake moja inashika karibu vitabu vyote, wasomaji wake huingia rafuni wenyewe, ukuaji wake ni wa polepole, na uongozi wake uko tayari kuulinda mwongozo.

Majina ya waandishi: yaamuliwe katika njia zote tatu

Baada ya namba ya mada huja herufi za mwandishi, na hapa mifumo ya kigeni hudhani kila mtu ana jina la ukoo mwishoni. Shaaban Robert atakaa S au R? Muyaka bin Haji je? Sheikh Abdalla Saleh Farsy ni A au F? Amua kanuni moja, iandike, na katika katalogi weka maelekezo kutoka jina ambalo hukulitumia kwenda lile ulilolitumia. Vyeo kama Sheikh, Mwalimu na Bibi visihesabiwe. Ukiacha kila mtu aamue lake, mwandishi mmoja atakaa rafu tatu hata kama mfumo wako wa mada ni kamili.

Jaribio la kufanya kabla ya kuamua

Chagua vitabu 60: 40 vya kawaida na 20 vilivyokusumbua siku zote. Watu wawili waviainishe kila mmoja peke yake, kwa njia zote tatu, bila kushauriana. Kisha linganisheni. Njia iliyowafanya mtofautiane sana haijawa tayari, hata kama kwenye karatasi inapendeza. Halafu vipangeni mezani kwa kila mpangilio na mwite msomaji mmoja mzoefu apite. Mahali atakaposimama na kuanza kuvuta vitabu vya jirani patakuambia zaidi kuliko mjadala wa kamati.

Kwa hali yako

Kama ni maktaba ya shule ya sekondari au chuo cha ualimu yenye kona ya Kiswahili, baki na Dewey kama ilivyo, na nguvu zako zote zipeleke kwenye vichwa vya mada vya Kiswahili. Wanafunzi wako watakwenda maktaba nyingine na watazikuta namba zilezile.

Kama ni idara ya Kiswahili ya chuo kikuu, ndani ya maktaba kuu inayotumia mfumo wa Kongresi, usijitenge. Panua PL8704 kwa makubaliano na maktaba kuu, au acha ilivyo na utoe orodha za kusoma kwa utanzu.

Kama ni maktaba ya madrasa au ya kituo cha Kiislamu, vitabu vingi vikiwa vya Kiarabu na Kiswahili, kupanua hakutatosha kama dini ndiyo karibu mkusanyiko wote. Tunga mfumo mfupi unaofuata elimu zenyewe zinavyosomeshwa: tafsiri, hadithi, fiqhi, tauhidi, sira, nahau, na kadhalika. Walimu wanaijua mipaka hiyo tayari, kwa hiyo kazi ya kufundisha wafanyakazi inapungua.

Kama ni makumbusho au kituo cha utafiti wa pwani chenye vitabu elfu chache na mkutubi mmoja wa kudumu, mfumo wa vipengele unakufaa, kwa sharti la mwongozo na mtu wa pili. Kama mkutubi huyo ni wa mkataba wa miaka miwili, panua Dewey.

Kama hujui taasisi itakuwa chini ya nani miaka mitano ijayo, tumia mpangilio wako rafuni lakini ndani ya katalogi hifadhi namba ya Dewey kwa kila kitabu. Ni dakika chache za ziada kwa kila rekodi, na mrithi wako akitaka kubadilisha atachapisha lebo tu.

Na kama ulichokabidhiwa ni sanduku la miswada ya herufi za Kiarabu kutoka nyumba ya sheikh aliyefariki, achana na njia zote tatu. Nyaraka hupangwa kwa asili yake, si kwa mada. Usichanganye na sanduku la nyumba nyingine, piga picha mpangilio ulioukuta kabla hujagusa kitu, toa namba za mfululizo kuanzia 1, kisha mada, mtunzi, mnakili na tarehe viandikwe kwenye katalogi. Muswada mmoja unaweza kuwa na utenzi mwanzoni, hesabu ya mirathi katikati na dua pembezoni, na namba ya mfululizo inavibeba vyote bila kukilazimisha kimoja kimezwe na kingine.